Nywele za Kuazima

Kabla hajaugua, alikuwa na tabia ya kuchomeka kitana kwenye nywele zake na kukisahau. Alikwenda nacho sokoni, alikwenda nacho kwenye vikao vya wazazi shuleni, na katika harusi ya binamu yake picha zote zinamwonyesha amesimama nyuma ya bibi harusi, kitana cha buluu kimejitokeza juu ya sikio kama antena. Basi mtaa ukamwita Kitana, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti tu. Nywele zilipomtoka kwa dawa za saratani, alikihamishia kitana nyuma ya sikio, pale seremala anapoweka penseli.

"Shamba limevunwa," alisema, "lakini jembe silitupi."

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kioo, ubavuni mwa duka la vipuri vya pikipiki. Harufu ya mafuta ya nywele na harufu ya mafuta ya injini zilikutana mlangoni na kuishi kwa ujirani mwema. Ndani mlikuwa na viti vya kuzunguka, kimoja kikiwa kimegoma kuzunguka tangu kilipoletwa, na kioo kirefu chenye ufa uliompa kila mteja shingo mbili. Lakini Kitana hakusukia kwenye viti hivyo. Alikaa kwenye stuli, mteja chini kwenye kigoda mbele ya magoti yake, kama mama na mtoto, na kabla ya kuanza kazi alipitisha vidole vyake vyote kichwani mwa mteja, polepole, amefumba macho. Hakuna aliyesema neno wakati huo. Wanawake wenye sauti za kuita watu ng'ambo ya barabara walinyamaza kama watoto wanaooshwa uso. Wengine, ukweli usemwe, walikwenda kwa ajili ya hilo tu, na msuko ulikuwa kisingizio. Nani mwingine alikuwa akiwagusa kichwa?

Saratani ilianzia titi la kushoto. Walilikata, kisha wakamwekea dripu baada ya dripu, na kila kichefuchefu kilipompa nafasi alirudi kwenye stuli yake, kichwa kikimeta kama kikombe kilichosuguliwa. Wageni walishtuka.

"Utanisuka vipi wewe, na mwenyewe huna hata unywele wa mfano?" mmoja alimwuliza.

"Kinyozi hajinyoi, dada. Ukienda kwa seremala unamkagua kama na yeye ni wa mbao?"

Akacheka, na ikabidi wote wacheke. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulichekea. Watu walikuwa wameanza kumzika, si kwa jembe, kwa maneno. Walisema "alikuwa" hali yeye yupo. "Alikuwa na mkono mwepesi," walinong'ona huku wakiutazama mkono huohuo ukifanya kazi. Siku moja jirani mmoja akaja kutaka ule msuko wa haraka uitwao twende kilioni, na Kitana akasimamisha kitana hewani.

"Kilioni kwa nani?"

"Aa, si kwa mtu. Ni joto tu."

"Basi sema unataka msuko wa joto. Mimi bado nipo."

Wateja wake wa siku nyingi, kwa mapenzi, walimletea wigi jeusi, refu, la kung'aa. Aliwashukuru mmoja mmoja, akalivika kwenye kichwa cha plastiki kilichokaa dirishani, akalipa jina Paka. "Paka huyu mzuri," alisema, "ila simfugi kichwani." Mashavu, mwenzake wa kazi, mwanamke mnene wa uso na mwepesi wa machozi aliyesuka naye tangu saluni ilipofunguliwa, alimpiga Paka burashi kila asubuhi, kwa matumaini kwamba ipo siku.

Siku hiyo ikaja, kwa njia ambayo hakuna aliyeitaka.

Ilikuwa asubuhi, na aliyekaa kwenye kigoda alikuwa mwenye duka la vipuri, ambaye kila mtu humwita Mama Spea, mwanamke wa mabega mapana na mdomo mpana zaidi. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umeshasukwa, mistari imelala kama matuta. Upande wa kushoto ulisimama wima, haujaguswa. Alikuwa katikati ya kisa cha mteja aliyerudisha breki dukani akilalamika kwamba zinakamata. Ndipo akasikia mkono ukimwacha. Hakuona kitu, alisikia kwa ngozi ya kichwa: vidole vililegea katikati ya msuko, kama mtu aliyesahau alichokuwa akisema.

"Kitana, mbona umeniacha njiani?"

Jibu lilikuja kama uji unaotokota. Mama Spea akageuka. Upande mmoja wa uso wa rafiki yake ulikuwa umeshuka, kama pazia lililong'oka misumari. Mkono wa kulia ulining'inia kando ya stuli, na kitana kilikuwa sakafuni.

Mama Spea hakupiga kelele, na hilo peke yake liliwatisha wote waliokuwamo. Alitoka kwenda kuwasha pikapu yake ya kubebea mizigo. Na katika muda ule mfupi wa pikapu kurudi kinyumenyume hadi mlangoni, Mashavu alifanya jambo ambalo msusi tu angelifanya. Alimfunga Kitana ukanda wa kitambaa kuzunguka kichwa, akamvua Paka kutoka kwenye plastiki, akamvika, na huku machozi yakimdondoka akalibana wigi lile kwenye ukanda kwa pini za chuma, moja baada ya nyingine.

"Mashavu, gari liko tayari!"

"Hatoki hivi mbele za watu," Mashavu alijibu, pini mdomoni. "Yeye ndiye ametusitiri vichwa sisi sote. Hatoki hivi."

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mashavu hakuwa na nafasi ya kukumbuka methali.

Nimekusudia kuisema vibaya hospitali waliyokwenda, kwa hiyo haki inanidai nianze na mazuri yake. Walikimbia. Muuguzi aliyekuwa mlangoni alipoona ule uso alipiga kelele moja tu, na kitanda cha magurudumu kikaja kama kimetumwa. Daktari wa zamu, kijana mrefu mwenye sauti ya upole, alimtazama mwanamke mwenye nywele nyeusi ndefu, akamwinua mkono, mkono ukaanguka. Akamwambia, "Tabasamu, mama," likaja nusu tabasamu. Akajua. Akawa anaeleza huku akitembea, na Mashavu na Mama Spea wakimfuata mbio. Ni kiharusi, alisema, na yaelekea bonge la damu limeziba mshipa mkubwa wa upande wa kushoto wa ubongo. Njia ziko mbili. Kuna dawa ya kuliyeyusha bonge, inachomwa kwa sindano. Na kuna mrija mwembamba: unaingizwa kwenye mshipa wa paja, unapandishwa mpaka kichwani, unalikamata bonge na kulivuta nje.

"Na njia zote mbili zina adui mmoja, ni muda," alisema. "Tukisimama, ubongo unakufa." Akapiga simu huku bado anatembea. "Andaeni chumba cha mrija. Nakuja na mama mmoja, ana nguvu zake, alikuwa kazini kabisa." Kisha akamgeukia Mashavu. "Ana ugonjwa mwingine wowote?"

Mashavu aliziangalia zile nywele alizozibana kwa mikono yake mwenyewe. "Hana neno," alisema. "Mzima kabisa. Alikuwa anasuka."

Mama Spea alifungua mdomo, akaufunga. Yawezekana hiyo ndiyo mara pekee.

Kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa, muuguzi alisema chuma chote kitoke mwilini. Hereni zikatoka. Kisha vidole vyake vikaingia kwenye nywele kutafuta pini.

"Sista, hizo ziache," Mashavu alisema kutoka mlangoni. "Nakuomba, hizo ziache."

"Mama, picha itaharibika."

Pini ya kwanza ikatoka, na ya pili. Iliyofuata ilitoka na kila kitu.

Muuguzi alibaki ameshika wigi hewani, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mna mtu. Kichwa cha Kitana kilikuwa kimelala pale, kitupu, kikimeta chini ya taa.

Ningependa msomaji asimame hapa kidogo pamoja nami. Mwanamke aliyelala pale ni yuleyule. Mshipa ni uleule, bonge ni lilelile, ubongo unakufa kwa kasi ileile. Kilichoondoka ni nywele zisizokuwa zake. Na bado, tangu pale, hakuna mtu aliyekimbia tena.

Picha ilipigwa. Bonge lilionekana pale pale lilipodhaniwa, na hakukuwa na damu iliyovuja. Lakini daktari alitoka na uso mwingine.

"Ana saratani," alisema. Halikuwa swali.

"Ya titi," Mashavu alijibu kwa sauti ya chini. "Yuko kwenye dripu."

"Na ukanificha! Nilikuwa karibu kumchoma dawa ya kuyeyusha damu. Watu walio kwenye matibabu yale, mara nyingine damu yao haigandi vizuri. Angevuja damu ubongoni kwa mkono wangu mimi. Unalijua hilo?"

Mashavu akaketi sakafuni palepale. Daktari alikuwa na haki ya kukasirika, na hasira yake ilikuwa ya mtu anayejali. Lakini ilikuwa fupi. Alivuta pumzi, sauti yake ikarudia ule upole, akachukua simu.

"Chumba cha mrija kingoje kwanza," alisema. "Imejulikana ni mgonjwa wa saratani."

Imejulikana! Kana kwamba amekamatwa na mali ya wizi. Alipoingia alikuwa mama mwenye nguvu zake, aliyekuwa kazini kabisa. Kazi haikumtoka kwenye ile mashine, wala nguvu. Lakini kuna maneno yakiingia chumbani huketi kwenye kiti cha mgonjwa, na watu huanza kuzungumza nayo badala ya kuzungumza naye.

Mdogo wake Kitana alifika na vumbi la chaki bado liko kwenye mkono wa gauni. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, na watoto humwogopa kwa sababu hapazi sauti. Alimkuta dada yake ukumbini, kitanda kimesukumwa ukutani ili mikokoteni ya chakula ipite, shuka limevutwa mpaka kidevuni. Hakuna aliyekuwa naye isipokuwa Mama Spea, ameketi na kichwa chake cha nusu na nusu, ameushika ule mkono uliolegea, na wapita njia wanamkodolea macho yeye badala ya mgonjwa. Mama Spea alimweleza yote, tangu breki hadi pini.

Mwalimu alimfuata daktari. "Mimi ni mdogo wake. Mnangoja nini?"

"Tunawasiliana na daktari wake wa saratani, dada. Simu yake inatumika. Kwa sasa tumemweka vizuri, hana maumivu."

"Sijauliza kama ana maumivu. Nimeuliza mnangoja nini."

Daktari akamshika kiwiko, akamsogeza pembeni kidogo, hatua chache tu kutoka kitandani. "Naomba unielewe. Wagonjwa wa namna hii, kwa jumla, matokeo yao si mazuri. Tukilitoa bonge, ule ugonjwa mwenyewe bado upo. Inabidi tujiulize atafaidi nini, na kwa muda gani. Mara nyingine huruma ni kumwacha mtu apumzike."

"Apumzike na nini? Asubuhi hii alikuwa anasuka."

"Naelewa."

"Huelewi. Ungeelewa usingesema polepole hivyo."

Daktari aliitazama tena simu yake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Mtu mbaya unajua pa kumshika. Huyu alikuwa na macho mazuri, yenye usingizi na huruma, na alikuwa akimwacha mtu afe kwa adabu.

"Ile dawa ya kuyeyusha mmeikataa," Mwalimu aliendelea. "Hapo una haki, na tulikosea kukuficha, nisamehe. Lakini uliwaambia wenzangu ziko njia mbili. Huo mrija nao unayeyusha damu?"

"Hapana. Mrija unavuta tu."

"Saratani ya titi inauzuia kupita?"

"Hapana. Kupita unaweza kupita."

"Basi kinachozuia ni nini?"

"Ni uamuzi mgumu, dada. Hata kwenye utafiti wa mrija huu, watu wenye saratani mara nyingi hawakuingizwa. Hatuna uhakika wa kutosha juu yao."

"Mliwaacha nje, halafu mnasema hamuwajui?"

Mama Spea aliinuka kutoka ukutani, mkono wa Kitana bado umo mkononi mwake. "Daktari, mimi mtu akiniletea pikipiki imeziba bomba la mafuta, simwulizi kama tairi zitamaliza mwaka. Nazibua!"

"Mama, huyu si pikipiki."

"Ndiyo maana nashangaa! Pikipiki ingekuwa imeshaondoka!"

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, akajificha nyuma ya leso. Daktari aliomba radhi, akasema atajaribu simu tena. Akajaribu. Inatumika. Mraba wa jua uliokuwa umeanguka miguuni mwa kitanda ulitambaa sakafuni, ukaufikia ukuta, ukaanza kuupanda. Watu wa chumba cha mrija, ambao walikuwa wameshavaa, walivua wakaenda kunywa chai. Mwalimu aliwaona wakipita, wakichekea jambo lao, hawajui walichokuwa wanapita kando yake.

Na Kitana alikuwa macho. Watu wanapozungumza juu ya kitanda cha mtu asiyeweza kusema, husahau kwamba masikio hayapoozi. Macho yake yalimfuata daktari kila alikokwenda. Kisha mkono wa kushoto, ule mzima, ukapanda polepole, ukafika kichwani, ukapapasa. Ulipapasa utosi, kisogo, nyuma ya sikio, kama ulivyopapasa vichwa vya mtaa mzima, mpaka ukahakikisha kilichokuwepo na kisichokuwepo. Chozi likatoka, likashuka upande ule ambao uso bado ulijua kulia.

Mwalimu aliona. Na mwanamke yule ambaye hapazi sauti, alipaza.

"Daktari! Njoo hapa usimame mbele yake useme uliyoniambia mimi. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Hili linasikia! Linakusikia wewe tangu ulipoanza kunong'ona. Mwambie yeye kwamba hafai kuzibuliwa. Mgonjwa haulizwi uji, nyinyi mnamwuliza kwanza atakufa lini ndipo mmpikie! Nani aliwaambia kwamba mwaka wake ni mfupi kuliko wako? Na ukiwa mfupi, si wake? Auishi bila ulimi kwa sababu ni mfupi?"

Ukumbi mzima ulisimama. Hata mkokoteni wa chakula. Daktari alikuwa na simu sikioni, na ndipo ikapokelewa.

Daktari wa saratani alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya kuongea na viziwi, na kila aliyekuwa karibu alimsikia. "Yule msusi? Nimemwona juzijuzi. Uvimbe uliobaki unanywea, damu yake inaganda vya kutosha kwa mrija. Alikuwa ananigombeza nimpangie dripu mbali na siku za harusi za wateja wake." Daktari akamweleza kwamba mgonjwa yuko ukumbini, anangoja. "Ngoja. Mmemweka? Mmemweka mnaningoja mimi? Kijana, mwenye saratani akivunjika mguu mnaufunga, au mnamngoja afe nao umevunjika?"

Walikimbia tena. Nitasema na hilo: walikimbia vizuri. Vikombe vya chai viliachwa vimejaa, mrija ukaingia pajani, ukapanda, ukalikamata bonge na kulivuta. Daktari mwenyewe alitoka kumwonyesha Mwalimu kwenye kipande cha kitambaa cheupe, na nadhani alitaka afurahi naye. Kilikuwa kitu kidogo cheusi, si kikubwa kuliko fundo la uzi ambalo Kitana angelikata kwa meno na kuendelea na kazi. Mwalimu alikitazama muda mrefu.

"Hiki ndicho mlichokuwa mnakijadili?" aliuliza.

Maneno yalianza kurudi kabla mguu haujarudi. Mashavu alikuwa ameketi kando ya kitanda, wigi mapajani, akilichana kwa sababu mikono yake haikujua jambo jingine la kufanya, aliposikia sauti nzito, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Paka," Kitana alisema. "Nani... kamleta?"

Mashavu akacheka, akalia, akapenga kamasi kwenye nywele za Paka.

Uso ulipanda mahali pake. Mguu ulirudi, ukiburuta kidogo. Lakini mkono wa kulia ulirudi nusu. Unaweza kushika kikombe, kitasa, bega la mtu. Kidole gumba na kile cha shahada hukutana, lakini si kwa nguvu ya kubana unywele. Je, ni ule mraba wa jua uliopanda ukuta? Hakuna awezaye kujua. Yawezekana vidole vingekwenda hata kama wangekimbia bila kusimama. Ndivyo udhalimu wa kungojesha ulivyo: ni mwizi asiyeacha nyayo, na ukilalamika unaulizwa una ushahidi gani.

Mama Spea alikaa na kichwa chake cha nusu na nusu, amekifunga kitambaa, kwa muda wote ambao Kitana hakuwepo. Mashavu alijitolea kummalizia, akakataa. "Aliyeanza shimo ndiye anayejua lilipo," alisema. Kitana aliporudi kwenye stuli, Mama Spea alikuwa wa kwanza kwenye kigoda. Kitana alijaribu. Alichukua nywele, zikateleza. Akachukua tena. Msuko mmoja alioumaliza ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi.

"Mashavu," Kitana alisema mwishowe, "njoo kaa hapa. Mimi nitasuka kwa mdomo."

Tangu siku hiyo ndivyo wafanyavyo. Kitana hukaa pembeni na kutoa amri. "Kaza hapo. Siyo hivyo, unasuka au unafunga mzigo?" Lakini kabla Mashavu hajagusa kichwa, Kitana huinama na kupitisha mkono wake wa kushoto, polepole, amefumba macho. Wateja hunyamaza vilevile. Ule msuko uliopinda Mama Spea hakukubali ufumuliwe, na ukimwuliza atakwambia ni mtindo mpya, hujauona kwa sababu hutembei.

Miezi ilipita, akaitwa kliniki kuangaliwa. Mashavu alileta ukanda wa kitambaa na pini, kwa woga, na alishangaa kumsikia Kitana akisema, "Lete Paka." Lakini hakumvaa. Alimkunja akamtia mkobani, akachomeka kitana nyuma ya sikio, akaenda na mdogo wake, kichwa wazi.

Daktari yuleyule alikuwa na wanafunzi wake, makoti meupe ukutani kama nguo zilizoanikwa. Alifurahi kumwona, alifurahi kweli. "Mwoneni mama huyu," aliwaambia. "Tulimtoa bonge akiwa katikati ya matibabu ya saratani, na leo anatembea, anaongea. Ni mfano mzuri wa kwa nini tusiwakatie tamaa wagonjwa kama hawa."

Mwalimu alivuta pumzi ya kusema. Kitana akamwekea mkono gotini: tulia.

"Daktari," alisema. Siku hizi maneno yake hutembea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Nilipofika hapa, nilikuwa na nywele?"

Daktari alitabasamu. "Ulikuwa na wigi, mama."

"Nilikuwa nasikia. Nina wigi, ulisema andaeni. Sina wigi, ukasema wangoje. Hapo katikati, mimi nilibadilika kuwa nani?"

Tabasamu likabaki usoni mwake bila mwenyewe. "Ule ni utaratibu, mama. Ilibidi tufuate utaratibu, kwa usalama wako."

"Sikuuliza utaratibu."

Alifungua mkoba kwa mkono wa kushoto, akamtoa Paka, akamtikisa akajinyoosha, mweusi, mrefu, amepigwa burashi asubuhi ile, na akamweka mikononi mwa daktari.

"Huyu mtundikeni pale mlangoni," alisema. "Akija mwenzangu mwenye kipara, mvalisheni kwanza, ndipo mmwangalie."

Mwanafunzi mmoja alicheka, akaona wenzake hawacheki, akakohoa. Daktari alibaki amelishika wigi kwa mikono miwili, linamning'inia hadi magotini, anatafuta pa kuliweka. Meza ilikuwa karibu, lakini hakuliweka.

Kitana aliinuka, akamshika mdogo wake bega.

"Twende, mdogo wangu. Mama Spea yuko kwenye kigoda, na nikichelewa Mashavu atamfunga mzigo."